Mwendo wa Miguu katika Bonde la Kilombero

Kiswahili cha wazee hakikuchanganya kwenda na kutembea. Mtu aelekeaye kisimani, shambani, sokoni au mbele ya hakimu, huyo anakwenda. Mtu atokaye nyumbani alasiri bila mzigo wala haraka, akapita kwa jamaa zake, akatazama mashamba ya watu kisha akarudi, huyo anatembea. Siku hizi neno la pili limepanuka hata likachukua kila mwendo wa miguu, lakini maana yake ya kwanza haijafa: amwambiaye rafiki yake, "Karibu kutembea," hatarajii kumwona akija na jembe begani. Baina ya maneno haya mawili imelala historia ndefu, na pahali pafaapo kuisomea ni bonde la Kilombero. Huko, katika milima iliyo juu ya Ifakara, iko njia ya matembezi yenye jina la mto Lumemo, nayo hupandwa kwa siku tano au sita na watu ambao hawana haja yoyote huko waendako. Wamelipa ada ili wachoke. Mkulima wa mpunga asikiapo habari hiyo hucheka, na kicheko chake chastahili kuchunguzwa kabla ya kudharauliwa.

Lumemo ni mto, na tena ni jina la kata mojawapo ya Ifakara. Mto huo hushuka kutoka milima ya Udzungwa, ukapita karibu na mji, ukaenda kujitia katika Kilombero. Mji wenyewe umekaa katika nchi ya chini, kimo cha mita 270 hivi juu ya bahari, na kilele cha Luhombero, kilicho kirefu kuliko vyote katika milima hiyo, chapita mita 2,500. Baina ya tambarare na kilele hakuna ngazi nyingi za kumzoeza mtu: mlima husimama ghafula, kama ukuta, na mtu aliye kwenye majaruba ya mpunga huuona kila ainuapo kichwa. Masika yakikoza, baina ya Machi na Mei, tambarare hugeuka ziwa, na mwenye miguu hushindwa na mwenye mtumbwi. Kiangazi njia hurudi, ila hazirudi lazima pale pale zilipokuwa. Mti ulioanguka huzungukwa. Shimo lililochimbwa na maji huepukwa. Na baada ya mwaka mmoja mzunguko huo umekuwa ndiyo njia, hata ikiwa mti wenyewe umekwisha kuoza. Njia za zamani za nchi hii zilikuwa na upana wa mguu mmoja tu, watu wakifuatana mmoja nyuma ya mmoja, na kupinda kwake kulikuwa kumbukumbu ya vikwazo visivyoonekana tena.

Katika njia hizo walipita watu wa namna nyingi. Wandamba, ambao sifa yao kubwa ni uvuvi na mitumbwi, walikuwa pia wawindaji wa tembo wa kuogopwa, Mwingereza A. G. O. Hodgson aliandika habari za desturi zao za uwindaji mwaka wa 1926, akaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyozungukwa na dawa, miiko na heshima. Mwindaji aliyefuata nyayo za tembo alikwenda siku nyingi, na hapana awezaye kusema kwa yakini kwamba mwendo ule ulikuwa haja tupu. Haja ilimtoa nyumbani; lakini kitu kingine, ambacho hakikupewa jina, kilimfanya arudie safari hiyo hata mwaka ambao ghala lake lilikuwa limejaa. Vivyo hivyo kwa Wanyamwezi waliopagaa mizigo hadi pwani: kijana wao aliyekuwa hajaiona bahari hakuhesabiwa mtu mzima kamili. Raha ya mwendo ilikuwako, ila ilisafiri chini ya kivuli cha kazi, kama abiria asiyelipa nauli.

Mwaka wa 1879 msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London ulitoka Dar es Salaam kwenda ziwa Nyasa. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho tarehe 28 Juni, kabla safari haijafika mbali, na uongozi ukamwangukia kijana wa Kiskoti, Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21. Thomson alikuwa mwanafunzi wa elimu ya miamba, mzoefu wa vilima vya kwao, akaamua kuendelea. Msafara ukapita nchi ya Mahenge, ukapanda Uhehe, ukafika Nyasa mwezi wa Septemba. Kitabu chake, kilichotoka mwaka wa 1881, kina furaha ya kijana aliyeachiwa dunia mikononi: atazama milima, ahesabu tabaka za mawe, asifu hewa ya juu. Yafaa kusomwa kwa kukumbuka mtu wa pili. Mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani angali mtoto, mmoja wa wale walioubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani baada ya kifo chake cha mwaka 1873. Chuma ndiye aliyejua wapi pa kulala, mpagazi yupi anajifanya mgonjwa na yupi ni mgonjwa kweli, na mtawala gani aendewe kwa zawadi kabla ya kuombwa njia. Nyuma yake walifuata watu kadiri ya 150, na mzigo wa kawaida wa mpagazi wa siku zile ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, juu ya ngata kichwani au begani. Njia ilikuwa moja. Miendo ilikuwa miwili. Mmoja aliinua macho kutazama mlima, na mwingine aliyainamisha kutazama mahali pa kuweka mguu.

Chuma hakuacha kitabu. Lakini Waswahili wengine waliacha, na jambo hili halikumbukwi vya kutosha katika masomo ya fasihi. Mwaka wa 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, ambamo Selemani bin Mwenye Chande, Mtoro bin Mwinyi Bakari, Selim bin Abakari na wenzao walieleza kwa Kiswahili safari zao za bara, za Nyasa, hata za Urusi na Siberia. Mwenye kuisoma kwa swali la matembezi hataambulia mengi. Wengine walitoka kwa biashara, wengine kwa kumfuata bwana. Hata hivyo macho yao hayakufungwa na kazi: waliona mavazi, vyakula, mazishi, baridi, tabia za wenyeji, wakaviandika kwa ladha ya mtu anayefurahia kuona. Kilichokosekana si jicho la mtembezi. Kilichokosekana ni ruhusa ya kutoka kwa ajili ya jicho peke yake.

Mwaka ule ule wa 1901, katika mji wa Steglitz karibu na Berlin, vijana wa shule walianzisha chama walichokiita Wandervogel, jina lenye maana ya ndege wahamao. Walichoka na moshi wa miji na ukali wa wazazi wao. Wakachukua magita, wakavaa nguo nyepesi, wakatoka kwenda mashambani na msituni kwa miguu siku kwa siku, wakilala kwenye maghala ya nyasi. Huo ni mmoja wa mizizi ya uraibu wa kutembea nchi ambao leo umeenea duniani. Serikali ya vijana hao ndiyo iliyokuwa ikitawala Kilombero wakati huo. Kodi ya nyumba ilikuwa imetozwa tangu mwaka wa 1898. Mwenye kukosa fedha alitoa nguvu zake, na nguvu iliyotakiwa mara nyingi ilikuwa ya kichwa na miguu, kupagaa mizigo ya boma. Kijana wa Steglitz aliweka kitabu na mkate katika mkoba wake, akauita mwendo uhuru. Kijana wa umri wake pale Ifakara alisikia wito wa mwendo, akakimbilia kichakani.

Ndipo miguu ile ile ikatumika kwa shauri jingine. Mwaka wa 1904 na 1905 watu walikwenda kwa makundi hadi Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, kutafuta maji. Na maji yakatoka huko yakaletwa na wajumbe mpaka nchi ya Wapogoro na Wambunga. Hapakuwa na simu wala farasi. Habari ilipita katika vijia vya upana wa mguu mmoja, ambavyo Wajerumani hawakuwa na ramani yake, na ilipita kwa upesi uliowashangaza. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge, wakapigwa kwa bunduki za mzinga. Kisasi kilichofuata kilichoma ghala na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Baada ya miaka tisa tu ikaja vita ya Wazungu wenyewe. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi, na kumbukumbu yao kubwa katika Dar es Salaam ni jina la soko, Kariakoo. Mahenge ilitwaliwa na Wabelgiji Oktoba 1917. Mzee aliyeishi bondeni kutoka siku za Chuma hadi mwaka huo alikuwa na sababu njema za kutoiona raha katika mwendo mrefu, na kama alimfundisha mjukuu wake kwamba mwenye akili hukaa, asilaumiwe.

Zama za Waingereza hazihitaji maneno mengi hapa. Maofisa walizunguka wilaya kwa miguu, wakiandika. Kwa mfano A. T. Culwick na mkewe walitoa kitabu juu ya Wabena wa bondeni mwaka wa 1935. Jambo lililogusa njia zaidi lilikuja katika miaka ya 1940, wakati watu wa wilaya ya Ulanga walipohamishwa na kukusanywa pamoja kwa ajili ya kuzuia ugonjwa wa malale. Kijiji kikihama, njia yake hufa: msimu mmoja nyasi, wa pili vichaka, wa tatu nyati. Kisha ikaja baiskeli, ambayo Ifakara imeipenda kuliko miji mingi, na baada yake pikipiki. Na mwaka wa 2018 likafunguliwa daraja la mita 384 juu ya Kilombero, pale ambapo zamani watu walingoja kivuko nusu ya siku. Kwenda kwa miguu kukabaki alama ya kukosa nauli.

Mwaka wa 1967 hali hiyo ilitikisika kwa muda. Baada ya Azimio la Arusha vijana walijitokeza katika sehemu nyingi za nchi kuliunga mkono kwa matembezi marefu. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki njiani akitokea Arusha kwenda Dar es Salaam. Mwezi wa Oktoba Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, kuhudhuria mkutano wa TANU. Wanahistoria wamezisoma safari hizo kama siasa, nao hawakukosea. Lakini zilikuwa na upande mwingine. Pengine ni mara ya kwanza katika nchi hii mwendo mrefu wa miguu kufanywa na watu wengi bila mzigo, bila mnyapara na bila kodi nyuma yake, tena ukaitwa kwa jina lile la jioni, matembezi. Heshima iliondoka kichwani kwa mbebwa ikashuka miguuni kwa mwenye kwenda. Muda si mrefu Wachina kumi na wawili walikwenda kwa miguu miezi tisa kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya wakichagua mapito ya reli. Nayo reli, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, ikapita chini ya mlima wa Udzungwa, ikawapa watu wa Mang'ula na Ifakara sababu mpya ya kutokwenda kwa miguu.

Mlima ukabaki juu. Mwaka wa 1979, miaka mia moja baada ya Thomson, wataalamu wawili wa wanyama, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa wakitembea katika msitu wa Sanje waliposikia mlio wa nyani wasiyemjua. Mwongozaji wao, mtu wa huko, hakushangaa hata kidogo. Aliutambua mlio, akamtaja mnyama kwa jina la wenyeji. Vitabu vya elimu vilikuwa havijamwandika, lakini watu wa Sanje walikuwa wakimjua muda wote. (Mwaka wa 1991 jambo kama hilo lilitokea tena katika milima hiyo, safari hii kwa kwale: watafiti waligundua aina mpya kwa kuiona miguu yake ndani ya chungu cha mchuzi kambini.) Ugunduzi wa namna hii ulisaidia kuipatia Udzungwa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka wa 1992, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 1,990 hivi. Hifadhi hiyo haifanani na Mikumi jirani yake: haina barabara za magari ndani ya msitu. Mwenye kutaka kuiona hana budi kutumia miguu, awe waziri au mtalii. Mojawapo ya njia zake fupi hupanda kwenye maporomoko ya Sanje, yaangukayo zaidi ya mita 170. Ndefu ni ile ya Lumemo, kiasi cha kilomita 65, ambayo huwalaza watu hemani usiku baada ya usiku.

Kuna kisa cha Uingereza kinachosaidia kuifahamu Lumemo, ijapokuwa kwa mara ya kwanza chaonekana kuwa mbali. Katika miaka ya 1930 wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na Sheffield walipenda kwenda milimani siku ya Jumapili. Milima ilikuwa karibu, wakiiona toka madirishani mwao, lakini mingi ilikuwa imefungwa na mabwana wenye ardhi kwa ajili ya kuwinda ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wakiongozwa na Benny Rothman, walipanda Kinder Scout bila idhini. Watano walifungwa gerezani. Mwaka wa 1949 sheria ya hifadhi za taifa ikapitishwa. Tarehe 24 Aprili 1965 ikafunguliwa Pennine Way, njia ya miguu ya maili 268. Na mwaka wa 2000 sheria ikawapa watu wote haki ya kutembea katika nchi nyingi za juu zisizolimwa. Huko, ndiyo kusema, uraibu haukupewa watu kama zawadi. Waliudai, na walioudai walikuwa maskini waliokaa chini ya mlima.

Chini ya Udzungwa mambo yalikwenda kinyume. Vijiji vilivyo baina ya msitu na mashamba ya miwa havikuwa na mahali pengi pa kupata kuni, na kwa miaka mingi baada ya 1992 wakazi wake, hasa wanawake, waliruhusiwa kuingia hifadhini kwa siku maalumu kuokota matawi makavu. Walikwenda kwa makundi, wakazijua njia, wakashuka na mizigo vichwani. Mwaka wa 2011 ruhusa hiyo ilikomeshwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli: si kila tawi lililoshushwa lilikuwa limekauka, na msitu huo ndio unaotunza maji ya mito ishukayo bondeni, Lumemo ikiwa mmojawapo, bila msitu mto huo hautaacha kufurika masika wala kukonda kiangazi. Anayeikana hoja hii aende akaulize walimao mpunga. Lakini haikosi ugumu. Wale waliokuwa na haja ya njia walifungiwa mlango mwaka ule, na wale wasiokuwa na haja nayo wakaendelea kuingia. Mwandishi wa sheria hakukusudia hivyo. Kwake mmoja hutoa kitu msituni na mwingine hatoi. Kwa mtu aliye kijijini, tofauti iliyoonekana ilikuwa ya viatu.

Ndiyo sababu kicheko cha mkulima si cha ujinga. Hakicheki kwa kuwa mwendo ni jambo la kigeni kwake. Miguu yake inajua kilomita nyingi kuliko za mtalii yeyote. Kinacheka kwa kuwa kinamwona mtu akinunua kile ambacho babu yake alilazimishwa kukitoa, na ambacho mama yake alikatazwa kukifanya. Elimu nayo ina sehemu yake ya lawama: imewafundisha vijana wa Ifakara kwamba msomi hapandi mlima kwa miguu yake mwenyewe, ila kama amepelekwa na shule Sanje siku moja kwa basi, apigwe picha, arudi. Walio na haki kubwa kuliko wote ya kuwa watembezi wa Lumemo ndio walio wachache katika njia yake.

Na njia yenyewe haijaacha mpangilio wa mwaka 1879. Mtembezi haendi peke yake. Askari wa hifadhi mwenye bunduki hutangulia, kwa sababu ya tembo na nyati; mwongozaji hutaja majina ya miti; na chakula na hema huchukuliwa na wapagazi. Hawa hupatana ujira wao, hawapigwi, na wana haki ya kukataa, na hiyo si tofauti ndogo. Ila bado mmoja huinua macho na mwingine huinamisha. Binti aliyezaliwa mwaka wa 2011 katika kijiji cha chini ya mlima ameupita utoto pasipo kukanyaga mapito ambayo mama yake aliyakanyaga kila juma. Akitaka kuyakanyaga leo, itampasa aende lango la Mang'ula, alipe ada ya raia, apewe mwongozaji, kisha atembee.